Bwawa la Wazee Wawili

Nimezaliwa Kericho, kwenye nyumba za laini za wafanyakazi wa majani chai, na sijui kuogelea. Nalitaja hili mapema kwa sababu huku kwetu mtu akishasikia jina la baba yangu anajua asili yetu ni upande wa ziwa, na papo hapo nageuka mtaalamu wa samaki. Jirani akinunua tilapia sokoni ananiletea nimbonyeze nimwambie kama amelala au ni wa leo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliwahi kunisimamisha niwaeleze wenzangu jinsi samaki anavyopumua. Samaki ninayemjua mimi tangu utotoni ni yule aliyekwisha kaangwa, na hata huyo mama alikuwa akimpika Jumapili tu.

Baba alikuwa afadhali kidogo, lakini kidogo tu. Aliondoka kwao kijana asiye na ndevu, akaajiriwa kiwandani, akawekwa kwenye mashine za kukausha majani, na hapo ndipo alipozeekea. Mashine zile zilimla masikio. Mpaka leo ukimpigia simu lazima aweke spika na kuishika mbele ya uso kama kioo cha kunyolea, na kila aliye karibu anajua habari zake zote.

Rafiki yake alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye boila. Yeye ni Mkipsigis, mwenyeji wa hapa hapa, na shamba lake limeteremka kutoka barabara ya Kabianga mpaka kwenye kijito. Moto wake ndio uliokausha majani ya baba, kwa hiyo walianza kujuana kwa lawama: joto limezidi, joto limepungua. Mwenye kufoka alikuwa yule wa boila. Baba alikuwa akisema sawa, sawa mzee, na kurekebisha alichoweza kurekebisha. Kutoka hapo, sijui ilivyokuwa, wakawa hawaachani. Mzee wa boila alimwita baba osiepna, neno la kwetu, na baba akamwita choruenyun, neno la kwao, na yote mawili maana yake ni rafiki yangu. Kila mmoja alilitamka la mwenzake vibaya, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Lazima niseme na jambo lingine, kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa baba. Kila mwaka wa uchaguzi, miaka ambayo wasio wenyeji huweza kufukuzwa, alikuwa akifunga begi. Hakuna aliyemwambia afunge. Alilifunga polepole, wiki kadhaa kabla, akaliweka nyuma ya mlango, na mama akawa analipangusa vumbi kama kiti cha wageni. Rafiki yake alikuwa akija jioni za wakati huo, anakaa kwenye kochi letu mpaka tunasinzia, anazungumza habari za ng'ombe. Begi analiona. Hakulisemea kitu hata siku moja, na baba pia hakumwambia ni la nini. Mimi, nikiwa msichana mwenye mdomo, niliwahi kuuliza mbele yao kama tunahama. Baba alinitazama kwa jicho ambalo silisahau.

Mama alipofariki tulimzika kule nyumbani kwa ziwa, kama ilivyo desturi. Haukupita muda mrefu baba akafikisha umri wa kustaafu, na ukistaafu nyumba ya laini unairudisha. Wajomba na baba wadogo walimwambia arudi, boma lake lipo. Baba hakutaka kurudi. Kule hana anayemjua isipokuwa kwa salamu za matanga. Alisema mtu akishazoea ladha ya majani chai mdomoni kwa miaka yote hiyo, maji ya ziwa yanamkwaruza. Ukweli ni kwamba hakutaka kuachana na rafiki yake, na rafiki yake hakutaka kuachwa. Ndipo yule mzee akampa sehemu ya chini ya shamba, pale penye unyevu ambapo majani chai hayakubali, ajenge kinyumba cha mabati cha vyumba viwili na wachimbe bwawa, wafuge samaki kwa ubia.

Wazo la samaki lilikuwa la mzee wa boila, msije mkamlaumu baba. Yeye mwenyewe samaki hali. Alisema harufu yake inamkaa kooni, na watu wake zamani walimwona samaki kama nyoka mwenye bahati. Lakini aliamini kama watu wote huku: mtu wa ziwa na samaki ni kitu kimoja. Baba hakumwambia kwamba yeye ni mtu wa mashine ya kukausha. Alisema sawa.

Watoto wa kiume wa yule mzee hawakufurahi. Yule mkubwa ndiye anayesimamia shamba siku hizi, na pale chini alikuwa amepapigia hesabu ya kupanda miti ya blugamu, maana viwanda vya chai vinanunua kuni kila siku. Hakuwa mtu mbaya. Alimheshimu baba, alimwamkia kwa mikono miwili. Ila alimwambia baba yake wazi, na baba yangu akisikia, kwamba atangoja aone. Samaki wakishika, sawa, mzee akae mpaka achoke mwenyewe. Wakishindwa, sehemu irudi shambani na mgeni wao asindikizwe vizuri kwao. Alisema mgeni, kwa upole kabisa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza baba alijua samaki wale ndio waliomshikilia Kericho.

Basi wakachimba. Walileta maji kutoka kijitoni kwa mfereji, wakatia vifaranga vya tilapia. Maji ya huku ni baridi, samaki wanakua pole pole, lakini walikua. Nilikuwa nikitoka kazini Jumamosi, mimi ni karani katika ofisi ya kiwanda kingine, napitia pale kumfulia baba nguo, na kila mara niliwakuta wamekaa ukingoni juu ya gogo, mmoja anatupa chakula, mwingine anacheka samaki wakirukia. Yule asiyekula samaki ndiye aliyekuwa akiwapenda zaidi. Aliwajua mmoja mmoja, huyu mwenye mkia umekatika, huyu mchoyo. Alileta mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, wakanywa. Sijui niseme nini kuhusu siku hizo isipokuwa kwamba baba alinenepa.

Mvua ndefu ikaja, ikashuka na uchafu wote wa zizi kutoka juu, ukaingia bwawani. Baada ya hapo samaki walianza kubadilika. Walisogea kwenye mfereji wa maji mapya wakakaa hapo wakihema. Chini ya mapezi pakawa pekundu, kama pamesuguliwa. Wengine walitoka vidonda vilivyochimba hadi nyama ikaonekana, macho yakatuna. Chakula kikawa kinaelea hakiguswi. Kila asubuhi baba alikuwa akiokota wawili watatu waliolala ubavu, anawafukia kimya kimya nyuma ya nyumba. Aliwafukia kabla mtoto mkubwa wa mwenye shamba hajapita na ng'ombe. Nilipokuja Jumamosi nikamkuta amekonda, na kwenye dirisha kuna chupa ya dawa ya kuku kutoka agroveti. Mwenye duka alikuwa amemwambia amimine tu, bakteria ni bakteria.

Hapo hasira zangu zikanisaidia angalau mara moja. Nilimnyang'anya ile chupa, nikampigia afisa wa uvuvi, dada mmoja mdogo kuliko mimi ambaye huwa anazunguka na pikipiki kutembelea mabwawa. Alikuja wiki ile ile. Alimpasua samaki mmoja ukingoni, akatuonyesha tumbo lilivyojaa maji na ini lilivyopauka. Alisema ni bakteria kweli, na kwamba maji machafu na msongamano ndivyo vilivyowafungulia mlango.

"Lakini hiyo dawa ya kuku msitie," alisema. "Mkizoesha hizo bakteria dawa, siku mtaugua nyinyi wenyewe, dawa itakuwa imechoka."

Akatufundisha njia nyingine. Kwanza tuzibe mkondo wa zizi, tupunguze samaki, waliooza vidonda tuwatoe. Halafu tuponde kitunguu saumu na tangawizi kidogo, tuchanganye na tembe za chakula, tupake mafuta kidogo ya kupikia ili dawa isioshwe na maji, tuanike kivulini, tuwalishe. Alisema si uchawi, haitafufua aliyekwisha, ila inampa samaki nguvu ya kupigana mwenyewe. Hata wanaofuga kambamiti kwenye mabwawa ya maji ya chumvi, alisema, wanapambana na bakteria wa aina hii kwa vitu kama hivyo vya asili kwenye chakula, mimea tu ya jikoni. Baba aliuliza kambamiti ni nini. Alipoelezwa kwamba ni mdudu wa majini mwenye miguu mingi na kwamba watu wanamla kwa hamu, mzee wa boila alitema mate pembeni, akaomba msamaha.

Lakini alikuwa amesikiliza. Alikuwa amekaa kwenye gogo lake, fimbo katikati ya magoti, akiitikia kwa kichwa kila mara dada yule aliposema vitu vya asili. Vitu vya asili vilimwingia. Nilimwona vinamwingia, sikufikiri lolote.

Kazi ya vitunguu ilimkalia baba vizuri, maana ilifanana na ile ya kiwandani. Mtu aliyekausha majani maisha yake yote anajua kuanika kitu kivulini kisiungue. Alitandaza tembe zake juu ya wavu, akazigeuza kwa mkono, akanusa, akageuza tena. Nyumba ikanuka vitunguu, blanketi likanuka, nami nikirudi kwangu watu wa gari wanafungua madirisha. Siku za kwanza samaki walikataa. Halafu mmoja akashika, na wengine. Wekundu wa chini ya mapezi ukaanza kufifia. Kukapambazuka asubuhi moja baba hakuwa na wa kufukia. Alinipigia simu kunieleza, akipiga kelele kama kawaida ya watu wasiosikia, na sauti yake ilikuwa ya kijana. Jioni ya siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na asubuhi yake pia. Nilimwambia asihesabu bado. Akanijibu kwamba yeye na rafiki yake wameshahesabu.

Sasa kuna mti unaoitwa senetwet. Mgeni wa huku hupita kando yake bila kuujua, una maua ya manjano na kichaka kikubwa, unaota popote. Kwa Wakipsigis ni mti wa heshima. Tawi lake likishachomwa, makaa yake ndiyo yanayosuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa, ndiyo yanayofanya mursik isiharibike na kuipa ile rangi ya majivu. Mizizi yake inachemshwa kwa tumbo, majani yake yanatumika kwa ngozi ya ndama yenye vipele. Mzee wa boila aliuamini kama wengine wanavyoamini hospitali. Na alipomwona rafiki yake anapata nafuu kidogo, samaki wanakula, alitaka kuimalizia ile kazi. Alitaka kusaidia. Hilo lazima liandikwe, na ninaliandika nikiwa bado na uchungu.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema, umande haujakauka. Baba alikuwa amesimama majini mpaka magotini na suruali yake ya kanisani. Bwawa lote lilikuwa jeupe. Samaki walikuwa juu, matumbo nje, wakubwa kwa wadogo, na wale waliokuwa bado na uhai kidogo walikuwa wakizunguka wakigongana na wafu. Sikuwahi kujua kama samaki anaweza kuonekana ameshangaa. Baba alikuwa akiwaokota, anawatazama vidonda vilivyokuwa vimeanza kufunga, anawarudisha majini kama anayesubiri waombe radhi.

Kwenye mdomo wa mfereji palikuwa na gunia la mkonge limefungwa kwa kamba, limekandamizwa na jiwe. Maji yakipita ndani yake yalikuwa yakitoka kijani. Nilifungua. Yalikuwa majani na maganda ya senetwet yaliyotwangwa vizuri, kwa kinu, kwa kazi ya saa nyingi. Gunia lilikuwa la kule juu kwa rafiki yake.

Nilimpigia afisa wa uvuvi kwa simu ya baba, kwa sababu yangu haikuwa na salio. Spika ilikuwa imewashwa kama siku zote. Aliuliza kitunguu tulitia kiasi gani, nikamwambia kile kile. Akauliza kama kuna kitu kimeingia kwenye maji. Nikamwambia majani ya senetwet. Alisema mti ule ni sumu ya samaki. Akasema kuna watu wa sehemu nyingine ambao zamani waliutwanga na kuutupa mtoni makusudi, samaki walewe waelee, waokotwe. Hapa hawangejua, alisema, kwa sababu hapa mti ni wa maziwa, na mtoni hakuna aliyewahi kuvua.

Baba alisikia kila neno. Alitoka majini, akalichukua gunia, akamimina majani yale kwenye shimo alilokuwa akifukia samaki, akafunika.

"Hili jambo limeishia hapa," aliniambia kwa Kijaluo. "Hutamwambia mtu. Yeye hasa, usimwambie kabisa."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mengi, na si yote ninayoweza kuyaandika. Nilimwambia kuwa akinyamaza wataliita kosa lake, na kosa lake litamtoa Kericho. Akanijibu kwamba mtu aliyekupa ardhi yake uishi, huendi mbele ya watoto wake kumwambia ameua. Nilisema ardhi hiyo ndiyo utakayopoteza. Akasema anajua. Alikuwa akitetemeka kwa baridi, suruali imemganda miguuni, na bado ana adabu yake. Nilitaka kumpiga baba yangu siku ile. Nilimletea taulo.

Walikutana siku ile ile alasiri, nje ya nyumba ya rafiki yake kule juu, viti vikatolewa, chai ikamiminwa. Mimi nilikaa nyuma ya baba. Mtoto mkubwa alisema amesikitika, na nilimwamini. Kabla hajafika mbali baba yake akamkatiza. Yule mzee macho yalikuwa mekundu, alikuwa amelia mahali.

"Hata mimi nilijaribu," alisema. "Niliweka senetwet jana. Hiyo miti inalinda maziwa ndani ya kibuyu mpaka isahaulike. Kama inashinda ugonjwa ndani ya maziwa, ndani ya maji itashindwa na nini? Lakini nilichelewa. Walikuwa wameisha."

Akamgeukia baba, na usoni mwake kulikuwa na swali. Naapa kulikuwa na swali. Pengine angejibiwa vizuri mambo yangekwenda njia nyingine. Nilimwona baba akivuta pumzi.

"Ilichelewa tu, choruenyun," baba alisema. "Mimi ndiye nilizidisha vitunguu. Niliona wanapona, nikawa na haraka."

Mzee alishusha mabega. Nafuu ile niliyoiona inamteremka mwilini iliniuma kuliko samaki. Mtoto wake mkubwa akamshukuru baba kwa kusema ukweli, akasema ni vigumu kupata mzee anayekubali kosa, na kwamba hakuna haraka, ahame taratibu, pickup ya shamba itambeba mpaka kwao. Mdogo wake akaongeza chai kwenye kikombe cha baba. Mimi niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi, kwa sababu baba alikuwa ameweka mkono wake nyuma, ameshika vidole vyangu kwa nguvu, hakuviachia mpaka tulipoinuka.

Aliondoka mwishoni mwa mwezi. Rafiki yake alikuja kumuaga na kibuyu, wakanywa wamesimama, wakazungumza habari za barabara, kama imetengenezwa au bado. Pickup ilipoanza kupanda mlima yule mzee aliifuata kwa miguu mpaka lango la barabarani. Mimi sikushuka kumsalimia. Miezi iliyofuata nilikuwa nikipita pale kwa gari natazama upande mwingine. Chini kule bwawa lilikuwa bado lipo, blugamu hazijapandwa, na nilidhani ni uvivu wa vijana. Sikujua kwamba mzee alikuwa amewakataza.

Kule ziwani baba alikaa vibaya. Ndugu zake walimpokea, walimpa kiti mbele kwenye kila matanga, lakini hakuwa na la kuzungumza nao. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo kwa mazoea ya zamu, ananawa uso, hana pa kwenda. Wavuvi walipita na nyavu zao, yeye akawauliza kama mvua inanyesha Kericho. Nilipokuwa nikienda kumwona nilimkuta kila mara ameketi upande wa nyumba unaotazama barabara. Simu ya rafiki yake ilikuwa ikija kila Jumapili baada ya kanisa. Waliulizana ng'ombe, waliulizana magoti. Nilitoka nje simu hizo zilipoingia, kwa sababu nilishindwa kusikiliza.

Jumapili moja sikuwahi kutoka. Nilikuwa nachagua mchele sebuleni, simu ikalia, baba akaiinua mbele ya uso wake. Mzee hakusalimu.

"Nilinunua samaki wadogo," alisema. "Nilikuwa nataka nikuite ukuje uwakute. Sikungoja wagonjwe. Nilitangulia na senetwet, nikaweka mingi, niwakinge. Asubuhi walikuwa juu, wote. Na hapa kitunguu haijaingia. Mimi hata kuiponda sijui."

Baba aliisogeza simu karibu zaidi na uso. Mimi nikaacha mchele.

"Ni mimi niliua wale wa kwanza?"

"Ni wewe," baba alisema.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi ile ile. Msichana alipiga simu kwa yule wa samaki."

Tulisikia ng'ombe akilia kule kwake, na mtu akimfokea. Nilifikiri mzee atalia, au ataomba msamaha, nami nilikuwa nimeungoja msamaha huo muda mrefu, nilikuwa tayari kuukataa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika.

"Ndugu yangu wa tumbo moja angenishika shati pale pale," alisema. "Angenitukana mpaka majirani watoke. Watoto yangu wangeona aibu yangu, tungemaliza, tungechimba ingine. Wewe ulininyamazia vile mgeni ananyamaza akipewa chakula ya chumvi mingi. Mimi nilikuwa nadhani wewe unakaa kwetu. Kumbe miaka hiyo yote ulikuwa umetutembelea."

"Choruenyun," baba alianza, lakini simu ilikuwa imekatika.

Alibaki ameishika mbele ya uso wake. Nilimwona anavyozeeka pale kitini, na kwa mara ya kwanza hasira zangu hazikujua pa kwenda, maana yule mzee alikuwa amesema nilichokuwa nimemwambia baba maisha yangu yote kwa maneno mabaya zaidi. Nilidhani ataiweka simu mezani aombe maji ya kunywa. Alibonyeza namba akapiga yeye. Kule ikapokelewa.

"Uliniulia samaki," baba alisema. Akapandisha sauti. "Mjinga wewe. Nani alikuambia utie majani kwa maji yangu bila kuniuliza? Walikuwa wamepona. Walikuwa wanakula. Ukanitoa kwangu, mzee mjinga, ukanirudisha huku kwa watu sijui."

"Endelea," mzee alisema.

Baba akaendelea. Alisema habari za bwawa, akarudi nyuma kwenye joto la boila, akasema habari za begi nyuma ya mlango na jioni zile rafiki yake alipoliona akajifanya haoni. Alikuwa amesimama, mate yanamtoka, majirani wametokea mlangoni, wala hakuwatazama. Kiswahili kilipomwishia akahamia Kijaluo, na rafiki yake, ambaye Kijaluo anachojua hakizidi salamu, akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, mpaka simu ikaisha chaji.